Saa Nane na Dakika Kumi na Nne

Ukipita Mtaa wa Narung'ombe utaona maghorofa yamebanana, na katikati yake nyumba moja ya Kiswahili, bati na baraza, imekaa kibishi. Ni ya Bi Sitara. Watu husema bibi huyo ana kichwa kigumu tu. Waache waseme, hawakuwepo Ijumaa ile.

Mwaka ule wa 2003 chumba cha mbele cha nyumba hiyo alikipanga dada mmoja, Josepha, akawa anachapa barua, risala za harusi na tanzia za kupeleka redioni. Kompyuta yake ilikuwa moja, ya mtumba, na ndani yake mlikuwa na mifumo miwili. Ukiiwasha inakuuliza: Windows au Linux? Asubuhi alifungua Windows, kwa ajili ya wateja na disketi zao zilizojaa virusi. Akishakula mchana, huizima na kuiwasha upande wa Linux, alikohifadhi kazi zake. Kasoro ilikuwa moja. Akihamia upande huo, saa ya mashine iliruka mbele kwa saa tatu kamili. Kwa watu saa saba na nusu mchana, kwenye mashine saa kumi na nusu. Josepha hakujali, saa ya ukutani si ilikuwepo.

Bi Sitara, mjane, alishinda barazani akishona kofia. Josepha alimwamkia shikamoo kila asubuhi na kumwita mama, naye alimwekea chai na mkate wa ufuta. Aliyewakosesha raha alikuwa Mzee Uwesu, ndugu wa marehemu mume wa Bi Sitara. Matajiri walikuwa wanasaka viwanja vya kujenga, na Uwesu alikuwa na mnunuzi tayari. Mjane ndiye aliyemzibia njia. Alimwambia mbele ya mtaa mzima kwamba humo atatoka kwa jeneza. Uwesu akajibu kwa upole kuwa kila jambo lina saa yake.

Jibu hilo liliwakumbusha watu habari ya Mzee Fikirini, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye naye alikataa kumuuzia Uwesu. Siku moja tanzia yake ilisomwa redioni saa sita mchana, mwenyewe yupo barazani anakunywa kahawa. Ilisema amefariki leo, saa nane na dakika kumi na nne mchana. Alicheka sana, akasema wamemkosea jina. Saa nane na robo hakuiona.

Basi Alhamisi moja Uwesu aliingia kwa Josepha, yeye ambaye hajawahi kuchapisha hata barua. Aliuliza kama saa ya mashine inakwenda sawa. Josepha akamwambia ukweli, upande mmoja inaruka. Mzee akakunja uso.

"Itengeneze, binti," alisema. "Mashine inayoruka saa haifai kwa kazi ya watu."

Yalimchoma maneno hayo, maana hakuna mfanyakazi anayependa kusutwa kazi yake. Jioni alimpigia simu binamu yake Elisaria, aliyekuwa anasomea ufundi wa kompyuta. Elisaria akamweleza kwamba ndani ya mashine mna saa moja tu. Windows inaisoma kama saa ya hapa kwetu. Linux inadhani ni saa ya Ulaya, Greenwich, kwa hiyo inaongeza tatu. Dawa yake ni neno moja kwenye faili la mipangilio.

Ijumaa saa nne asubuhi Josepha alifungua faili hilo, na pale palipoandikwa yes kwa saa ya Greenwich, akaandika no. Akaizima, akaiwasha pande zote mbili, na saa zikalingana na ya ukutani. Alifurahi mwenyewe kama aliyeshinda mtihani.

Saa saba na nusu, baada ya kula, alihamia Linux kama kawaida. Akakuta mafaili manne ambayo hakuyaandika. Jumanne. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Alifungua la kwanza.

"Familia ya marehemu inasikitika kutangaza kifo cha Bi Sitara, kilichotokea leo saa nane na dakika kumi na nne mchana."

Yote manne yalisema hivyohivyo. Kilichotofautiana ni tarehe.

Josepha akafikiri. Jumanne saa nane mashine ilikuwa wapi? Aliihamisha saa saba na nusu, ikaruka mpaka saa kumi na nusu. Jumatano vilevile. Jana vilevile. Siku zote tatu, ndani ya mashine hii, saa nane haikufika. Ilirukwa. Ubovu wa saa ndio uliokuwa kinga ya mama wa watu, na leo asubuhi ameuondoa kwa mkono wake.

Alishikwa na hofu, kisha hasira, na hasira ikawa kubwa kuliko hofu. Akayafuta mafaili. Yakarudi. Akafungua mipangilio, akaandika yes. Alipotazama tena panasomeka no. Nje kofia ilianguka barazani.

"Vidole vyangu, mwanangu," alisema Bi Sitara. "Sivisikii."

Ilikuwa Februari, jua la Kariakoo linachoma, na mikono ya bibi ilikuwa barafu. Josepha alimwingiza ndani, akamkalisha kwenye kigoda.

Saa nane na dakika tano Uwesu alisimama mlangoni, kanzu nyeupe, ametoka kuswali na wenzake. Kizingiti hakukivuka.

"Ahsante kwa kuitengeneza," alinong'ona. "Sasa iache. Dakika chache tu. Ghorofa likisimama, chumba chako kipo."

"Mzee," alisema Josepha, "humu ndani saa naiweka mimi."

Akafunga mlango, akatia komeo.

Alichomoa waya ukutani. Akachukua bisibisi, akafungua kasha, akang'oa betri ndogo inayotunza saa. Bila betri hiyo mashine husahau kila kitu, siku, mwezi na mwaka. Akaifumbata mkononi. Kioo kilikuwa cheusi. Pumzi za Bi Sitara zilikuwa zinapungua.

Ukutani, saa nane na kumi na mbili.

Kisha feni ya mashine ikazunguka.

Waya ulikuwa sakafuni. Josepha aliuona. Kioo kikawaka. 14:13. Sekunde zikaanza kukimbia.

Nje, mtu alikuwa anakwaruza mlango kwa ukucha. Taratibu.

"Usimwachie nyumba," alinong'ona Bi Sitara.

"Huendi popote, mama."

Akaweka vidole kwenye kibodi. Aliandika saa mbili kamili asubuhi. Akakosea. Akafuta. Akaandika upya. Sekunde hamsini na sita. Hamsini na saba. Akabonyeza.

08:00.

Kioo kikazima. Ukwaruzaji ukakoma. Bi Sitara akakohoa, akaiulizia kofia yake.

Imepita miaka minne. Betri haikurudishwa. Mafundi wote wanasema mashine ya namna hiyo, kila ikiwashwa, huanzia mwaka ilioundwa. Ya Josepha huanzia Ijumaa ile, saa nane na dakika kumi na tatu, na akiirudisha saa mbili asubuhi huzima yenyewe. Jumapili moja alikwenda kanisani bila kuiwasha, akarudi akamkuta Bi Sitara amekakamaa vidole, hadi ilipowashwa na kupangwa saa. Tangu hapo hajaacha hata siku moja. Kuiuza hawezi, maana mnunuzi ataiwasha na kuacha dakika ipite.

Kila asubuhi Mzee Uwesu, ambaye siku hizi anatembelea mkongojo, husimama ng'ambo kwa muuza kahawa, akiangalia saa yake ya mkononi. Bi Sitara humpungia mkono. Kisha huvuta kigoda karibu na mashine, kofia mapajani, na kusema, "Washa."

Zamani ilikuwa inafunguka kwenye sekunde ya kwanza ya dakika ile, na Josepha alikuwa na muda wa kutosha. Mwaka jana ikawa inafunguka kwenye ya ishirini. Leo asubuhi imefunguka kwenye sekunde ya arobaini na moja.

Josepha akaandika saa mbili, akabonyeza. Amejifunza kuchapa bila kutazama kibodi.