Mfuko Usioongezeka Uzito

Gramu alifika kwa fundi wa mifuko giza likianza kuingia, na haraka zake zote. Kesho alfajiri ilikuwa safari. Wiki tatu kwa baiskeli, nje ya lami kabisa, mawe na mchanga na mito isiyo na madaraja, na kila utakachokihitaji unakibeba mwenyewe. Kazi yake ilikuwa karani wa kliniki ya meno, lakini ukimuuliza kuhusu meno atakujibu kwa mkato. Muulize kuhusu mizigo ya baiskeli, utajuta.

Jina hilo alipewa na waendesha baiskeli wenzake. Watu wa safari hizi wote hupima vitu vyao kwa mizani kabla ya kupaki, ndiyo kawaida yao, lakini yeye alipitiliza. Alikata mpini wa mswaki. Alikata lebo za nguo, ncha za mikanda, mpaka pembe za ramani. Mdogo wake, Kitinda, aliyekuwa akiishi naye, alimwambia siku moja, "Dada, bado kope tu hujanyoa."

Alikuwa na sababu. Mwaka jana alijaza baiskeli kama anahama nyumba, na mlima wa pili ukamshinda. Rubani, kiongozi wao wa njia, hakumsubiri hata kidogo. Gramu akarudi mjini juu ya lori la mbuzi, akanuka mbuzi wiki nzima, akachekwa hadi na wagonjwa waliokuja kung'olewa meno. Safari hii Rubani alikubali waende wao wawili tu. "Ila ukizidisha mzigo nakuacha tena," alisema huku akicheka. Gramu naye akacheka, kwa sababu Rubani akicheka yeye hakuweza kununa. Alimpenda. Hakuwahi kumwambia mtu, na Rubani ndiye angekuwa wa mwisho kuambiwa.

Ni Rubani huyo huyo aliyemwelekeza kwa fundi.

Chumba kilikuwa nyuma ya ghala la matairi. Kilinuka sufu iliyoloa, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, kama nywele zilizoungua. Fundi alikuwa mama mtu mzima, pini zimemjaa midomoni. Cherehani ililia tak... tak... tak...

Gramu akatazama chini ya meza. Miguu ya fundi ilikuwa imetulia sakafuni, yote miwili. Kanyagio lilikuwa likienda lenyewe.

Akajifanya hamnazo. Hata wiki iliyopita, alipokuja kupimisha baiskeli, alijifanya hivyo hivyo, fundi alipomwagiza kitu cha ajabu: uzi wa nguo ya mtu anayempenda, na mwenye nguo asijue. "Asiyekupenda hakubebei kitu," fundi alisema. Gramu aliona ni mbwembwe za kuvutia wateja. Akachomoa uzi mrefu wa kijani kwenye sweta la Kitinda lililokuwa kambani, akaupeleka.

"Tayari, mwanangu," fundi alinong'ona. Hakuna pini iliyodondoka. "Paki vyote. Usipunguze."

"Nisipunguze?" Kwa Gramu hilo lilikuwa karibu na tusi.

"Mfuko hautazidi hapo ulipo."

"Na uzito unakwenda wapi, mama?"

Kanyagio likasimama.

"Unahama," fundi alisema. "Uzi ndio njia yake. Ukitoa kitu, uzito wake hautoki ulikohamia. Mpaka uzi ukatwe."

Gramu akacheka kicheko kikavu, akabeba mifuko yake, akatoka. Njiani hakugeuka nyuma.

Nyumbani alitandaza vitu sebuleni. Kitinda alikuwa jikoni akimmenyea viazi vya njiani, amevaa sweta lake la kijani, anaimba vibaya kama kawaida yake. Huyu mdogo mtu ndiye aliyemfulia kaptula za baiskeli, akamkanda misuli kila Jumapili, akamtetea kwa waliomcheka. Gramu aliuning'iniza mfuko mkubwa kwenye mizani. Gramu mia tatu. Akatia hema.

Gramu mia tatu.

Moyo ukamruka. Akatia godoro la kukunja, jiko dogo, chupa ya mafuta yake. Mshale wa mizani haukusogea.

Jikoni kisu kikaanguka.

"Dada... miguu imekuwa mizito leo."

"Kaa kidogo," Gramu alijibu bila kuinua macho. Akatia tairi la akiba, tyubu, pampu. Kigoda cha jikoni kikavunjika.

"Kumbe nimenenepa!" Kitinda alicheka akiwa sakafuni. Halafu kicheko kikakatika. "Dada... kuna kitu kimenikalia mgongoni. Njoo uone."

Gramu hakwenda. Macho yake yalikuwa kwenye mshono wa mfuko, pale uzi wa kijani ulipokuwa ukiingia na kutoka, ukiingia na kutoka. Akachukua spana moja, akaiingiza taratibu sana.

"Aah..." ikatoka sauti jikoni.

Akaitoa. Sauti haikupungua.

Hakuhitaji kujaribu mara ya pili ili ajue. Alijaribu. Akachukua spana kubwa zaidi, akaidondosha ndani, akasikiliza. Alitaka kuwa na uhakika, na uhakika akaupata.

Mkasi wake ulikuwa mezani, ule wa kukatia kila kitu. Akauchukua, akauweka kwenye uzi. Kubana vidole tu, basi, Kitinda angesimama na kuendelea kuimba vibaya. Lakini Gramu aliuona ule mlima wa pili. Aliwaona mbuzi. Aliuona mgongo wa Rubani ukipotea kwenye vumbi bila kugeuka.

Wiki tatu tu, alijisemea. Ni mtu mzima. Majirani wapo.

Akapiga moyo konde, akauweka mkasi chini. Kilichobaki kilikuwa maji, na katika mizigo yote hakuna kinachozidi maji. Akajaza mifuko ya maji, lita nane, akazisukuma ndani kwa magoti, akafunga zipu.

Jikoni sakafu ikalia. Kraak.

Alipokwenda, Kitinda alikuwa amelala kifudifudi, shavu limebanwa kwenye saruji, na saruji imepasuka kumzunguka. Gramu alileta mto. Akajaribu kuinua kichwa cha mdogo wake autie chini yake. Hakikuinuka, hata alipotumia mikono yote miwili. Akauacha mto pembeni.

"Ukilala kidogo utaamka umepona," alisema.

Jicho moja la Kitinda likamtafuta. "Safari njema... Dada," alinong'ona, na alimaanisha.

Alfajiri Gramu aliondoka. Mkasi aliuacha mezani, hakutaka kuuona njiani.

Baiskeli ilienda kama haina kitu. Alipanda mtaa wa kilimani bila kubadili gia, upepo usoni, na aibu ni kwamba alifurahi. Alifurahi kweli. Rubani alikuwa akimngoja lami inapoishia, kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa zamani, penye bomba la maji. Mifuko mipya ilikuwa kwenye baiskeli yake, mitupu. Vitu vyake vyote vilikuwa vimerundikwa chini.

"Hujapaki?" Gramu aliuliza.

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Akaanza. Alipoingiza hema, visigino vya Gramu vikazama kwenye kokoto. Alipoingiza jiko, magoti yakagonga ardhi. Gramu akatazama mshono wa ule mfuko. Uzi ulikuwa wa zambarau.

Alikuwa na fulana ya rangi hiyo. Mwezi uliopita Rubani alimwomba fulana hiyo kuukuu, eti ya kufutia mnyororo, na usiku ule Gramu hakulala kwa furaha.

"Rubani... hapana..."

Mkono ukaenda mfukoni kutafuta mkasi. Ulikuwa mezani, nyumbani, hatua chache kutoka alipolala Kitinda, na Kitinda hakuweza kuufikia.

Rubani hakumtazama. Alipaki taratibu kama mtu anayejua anachofanya, akaweka maji mwisho, yote. Mbavu za Gramu zikalia. Kisha Rubani akakunja koti lake, akachuchumaa, akajaribu kuinua kichwa cha Gramu alitie chini yake. Hakikuinuka.

"Lala kidogo, Gramu," alisema kwa upole. "Utaamka umepona."

Akaondoka. Hata vumbi hakutimua.

Kumbe alijua. Siku zote hizo alijua anapendwa. Gramu, shavu kwenye kokoto, akajaribu kumchukia. Alijaribu kwa nguvu zake zote, akakumbuka lori, akakumbuka mgongo wake, akamlaani kwa kila neno alilolijua. Mlimani kule baiskeli ya Rubani iliendelea kupanda bila kuyumba. Kutoka mahali asipopajua, mbali au ndani ya masikio yake mwenyewe, kulikuwa na kitu kinalia tak... tak... tak...

Upepo ukavuma. Ukaiinua baiskeli ya Gramu iliyojaa mizigo, ukaiburuta kidogo, ukailaza.

Ilikuwa bado nyepesi. Kitinda alikuwa bado anampenda.