Bega la Kushoto

"Msumari wa mlango, mama?"

"Msumari, mwanangu. Nyumba yenyewe imezeeka."

Fundi alilitazama tena gauni la mama mkwe wake mtarajiwa. Msumari huchana kitambaa. Hapa kitambaa kilikuwa kizima. Uzi wa mshono ndio uliokatika, bega la kushoto, kama nguo inavyofumuka ikivutwa na mkono. Blauzi yake mwenyewe ilifumuka hapohapo mwezi uliopita, alipochelewa kupokea simu ya mchumba. Jamaa alilia, akapiga magoti, akasamehewa. Na nani angeamini? Mtaa mzima ulimwita Mpole. Wamesahau kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Simu ikaita. Mikono ilijaa pini, akabonyeza spika.

"Mpenzi, uko na nani?"

"Na mteja."

"Mwanamume?"

"Mwanamke."

"Mbona umesita?" Sauti ilikuwa laini, kama ya mtu anayebembeleza mtoto. "Jumamosi tukishaoana, hicho cherehani utakifunga."

"Si tulikubaliana nitaendelea na kazi?"

"Usinipandishie sauti. Mimi sina hasira, unanijua. Watu ndio wananitia hasira."

Akakata. Mama alikuwa amejishika bega.

"Marehemu baba yake alisema maneno hayohayo," alinong'ona.

"Mama, ni yeye aliyekuvuta?"

"Nilimwambia aache kukuchunga kama mfungwa."

Fundi aliweka pini mezani. Mtu anayemwinulia mkono mama yake, mke atamfanya nini?

"Na bado ungeniacha niolewe?"

"Mafundi watatu wako jirani na kwangu, mwanangu. Kwa nini nilete gauni huku kwako? Kusema kulinishinda. Nilijua macho yako yataona."

Ujumbe ukaingia: *Nakuja hapo sasa hivi. Huyo mteja asiondoke.*

Mama aliusoma, akavuta kiti akaketi kuelekea mlango.

"Pita nyuma. Mimi nimemzoea."

"Hayo ni ya kuzoea? Simama mama, tunaondoka wote."

"Na gauni?"

"Silishoni." Akalikunja, akatoa kwenye droo blauzi yake iliyofumuka, akazitia zote mfuko mmoja. "Tunazipeleka polisi hivihivi zilivyo."

Wakatoka kwa mlango wa nyuma. Njiani, mama akimshika mkono, fundi aliandika: *Mteja ni mama yako. Harusi hakuna.*

Kisha akazima simu.