Fundi Zima-Washa na Diski ya Mjane

Katibu muhtasi wa ofisi ya wapimaji ardhi ndiye aliyegundua kwamba kompyuta yake inapumua. Feni ya ndani ilivuma kama feni zote, ila yeye alipovuta pumzi nayo ilivuta, alipoishusha nayo ikashusha. Akabana pumzi makusudi. Feni ikanyamaza. Alipoachia, ikaachia, na kwenye matundu ya nyuma kukatoka hewa ya uvuguvugu yenye harufu ya nywele zilizoungua.

Akampigia fundi.

Fundi huyo watu walimwita Zima-Washa, maana hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake ya kila ugonjwa. Printa imekwama, zima, washa. Barua pepe haziendi, zima, washa. Majivuno yalimjaa, elimu ilimpitia kando, na kazi aliyoiweza kuliko zote ilikuwa kuwadharau wenye shida. Mzee akiuliza kitufe kiko wapi, anaguna. Mwanamke akieleza tatizo, anamuuliza kama anajua kusoma. Na watu, kwa ujinga wao, walimwita tena na tena, wakiamini kwamba mtu mwenye dharau nyingi hivyo lazima ana ujuzi mwingi.

“Mama, hilo ni vumbi,” alimwambia katibu kwenye simu. “Zima, washa. Usinisumbue kwa mambo ya feni.”

Hakumwambia kwamba diski iliyomo kwenye kompyuta ile, ile iliyobeba barua na ramani zote za ofisi, aliipachika yeye baada ya kuichomoa kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Aliichomoa kwa mjane mmoja aliyemwita aje atazame waya wa skrini. Kompyuta ilikuwa ya marehemu mumewe, mtu aliyeogopwa kwa elimu yake ya majini.

“Waya tu, baba,” mjane alimwambia. “Boksi usilifungue. Kuna mgeni humo, na mume wangu alimweka kwa makubaliano.”

Zima-Washa alicheka mpaka akakohoa. Mjane alipokwenda jikoni kumletea maji, yeye akafungua boksi, akaona diski kubwa, nzima, akaichomoa na kuitumbukiza mfukoni, kisha akarudishia skrubu. Maji akanywa. Asante hakusema.

Kule ofisini katibu akazima, akawasha. Siku iliyofuata, adhuhuri, wenzake wakiwa wamekwenda kula, alikuwa akiandika barua ya mteja. Akanyanyua mikono apanguse miwani. Vitufe vikaendelea kubonyea vyenyewe, polepole, kama vinabonyezwa na mtu anayejifunza, na kwenye skrini chini ya barua yake yakajipanga maneno: *nani amenitoa kwangu*.

Akaunyoosha mkono kwenye kipanya ayafute, na kipanya kilikuwa na joto, joto la kitu chenye damu, na chini ya kiganja chake kikapwita mara moja, kikatulia, kikapwita tena, na alipotaka kuutoa mkono akahisi vidole asivyoviona vikipita katikati ya vidole vyake, virefu, vikavu, vikimshika bila kumuumiza, kama mtu anavyomshika mwenzake anapotaka kumuuliza jambo kwa utulivu, na harufu ile ya nywele zilizoungua ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka.

Meneja aliporudi alimkuta amesimama ukutani.

“Kuna nini hapa?” aliuliza.

“Punguza sauti, bosi,” katibu akanong'ona. “Inasikiliza.”

Meneja alikuwa mtu wa tai na vyeti vya ukutani, na aliguna kama wanavyoguna watu wa namna hiyo. Akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta. Hakukaa sana. Spika zilikuwa kabatini, waya zake zimezungushiwa mpira, lakini sauti ilitoka kwenye boksi, na ilikuwa sauti ya Zima-Washa mwenyewe, ile ile ya kwenye simu: “Mzee, wewe shule ulifika darasa la ngapi?” Kisha ikacheka, na katikati ya kicheko ikawa sauti nyingine, nzito na ya zamani, inayotamka maneno kama mtu anayeyatema. “Hivi ndivyo mnavyozungumza siku hizi? Nilidhani ninajifunza lugha. Kumbe ninajifunza utovu wa adabu.”

Meneja akatoka akiwa amesahau koti.

Zima-Washa aliitwa, na safari hii alikuja, kwa kuwa alitaka kuwacheka uso kwa uso. Mvua ilikuwa ikinyesha na ofisi imejaa mwanga wa kijivu. Mbele ya katibu na meneja, akalifungua boksi ubavu wake.

“Mnaona jini?” aliuliza. “Mimi naona vumbi, na watu wazima wawili wasio na akili.”

“Diski uliyotuwekea uliitoa wapi?” katibu alimuuliza taratibu. “Inauliza nani ameitoa kwake.”

“Kwa mama mmoja mjane. Hata hajui ni ya kazi gani. Namba yake hii hapa, mpigieni mlie naye pamoja.”

Katibu akachukua namba, akapiga. Zima-Washa, ili awaonyeshe, akainama na kuutia uso wake wote ndani ya boksi, pua karibu na feni, akasema, “Toka basi, kama umo.”

Feni ikavuta. Ilivuta pumzi ndefu isiyo na mwisho, karatasi za mezani zikateleza kuelekea kwake, pazia la dirisha likainama, kola ya shati la fundi ikasimama, na mgongo wake ukaanza kutetemeka huku mikono ikipapasa meza ikitafuta pa kushika, na wale wawili wakimtazama bila kuthubutu kusogea wakamsikia akitoa sauti nyembamba, kama ya mtoto anayebanwa mlangoni, mpaka ikakatika. Kisha feni ikashusha pumzi, na kila kitu kikatulia.

Zima-Washa akainuka. Akapangusa uso, akakaa sakafuni, mikono juu ya magoti.

Mjane alifika amelowa. Hakumsalimia mtu. Akaichomoa diski, akainama kwenye boksi tupu, akasema kwa upole, “Mgeni wetu, nimekufuata. Twende nyumbani.” Akasubiri. Akainusa diski kama anayenusa maziwa ya jana.

“Humu hamna mtu,” akasema.

Wote wakamgeukia fundi. Akasimama, akakusanya bisibisi zake moja moja. “Shikamoo, mama,” akamwambia mjane. Kwa katibu akainamisha kichwa. “Unisamehe kwa kukushika mkono bila idhini yako.” Akatoka, na mvua ilipomgusa mabegani ilifuka mvuke.

Mkewe alikuwa ameishi miaka mingi na mtu aliyempita mlangoni kama anavyopita kiti. Jioni ile hodi ilibishwa mlangoni. Mumewe alikuwa amesimama nje ya nyumba yake mwenyewe, macho hayapepesi.

“Unaniruhusu niingie?” aliuliza.

Mwanamke alimtazama sana. Kisha akasema, “Karibu.”

Kesho yake mjane alikuja na ubani na maneno ya kumtolea mgeni. Mke alimzuia kizingitini.

“Najua si yeye, mama,” alisema kwa sauti ya chini.

“Binti yangu, hicho si kitu cha kukaa nacho. Kina umri mkubwa kuliko mji huu.”

“Kinanisalimia asubuhi. Kinaniuliza kama nimekula. Yule mwingine alilijua jina langu siku anapokosa soksi tu.”

“Na yeye mwenyewe yuko wapi?”

Mke akageuza macho kuelekea chumbani. Ndani, mume alikuwa amelala usingizi wa mchana, midomo imefungwa, na kutoka chini ya mbavu zake ilitoka sauti ndogo, iliyokauka, ikimwita mkewe kwa jina lake kamili, ikimwomba amsaidie, tafadhali, amsaidie, kuna giza, amsaidie.

Mjane akaisikia. Akamtazama mwanamke yule, akafunga mkoba wake, akaondoka.

Mke akarudi chumbani. Akasimama akiisikiliza kidogo sauti ile, kisha akafunga dirisha majirani wasisikie, na akamvutia mgeni wake shuka mpaka mabegani.