Dawa ya Esteri Inapoisha Nguvu

Nduwayezu alirudi kutoka shambani, kijijini Makere, jua limeinama, jembe begani, mgongo unamuuma. Kabla hajafika uani alimsikia binti yake, Esteri, akipiga kelele. Ndoo imepigwa teke, maji yamemwagika.

"Leo tena," alisema. Hata nguvu ya kukasirika hakuwa nayo.

Esteri alizaliwa hivyo, hatulii. Tangu aanze vidonge vya hospitali, mwalimu anamsifu: anakaa, anaandika. Lakini kila jioni anawaka, analia, anamtukana hata baba.

Jirani yao Mwanahawa, muuguzi, alichungulia.

"Baba Esteri, kuna nini?"

"Kuna vidonge vyenu. Kesho navitupa chooni. Mwalimu anapata mtoto, mimi naletewa makapi. Waliovitoa walisema asubuhi kimoja, wakaita mwingine aingie. Jioni hawakuisema. Wao jioni wako kwao."

"Walipaswa kukuambia, hapo sibishi. Lakini ukivitupa, darasani atarudi kulekule. Saa hizi dawa inamwishia mwilini. Ikiisha, mtoto anaweza kuwa mkali kwa muda, halafu anapoa. Si jeuri. Mchana alikula nini?"

"Dawa inamkata hamu. Uji wa shule hamalizi."

"Na akirudi?"

Nduwayezu alitazama chungu cha maharage. Marehemu mkewe aliweka sheria: hakuna mkono chunguni mpaka wote wameketi. Tangu amzike hajaivunja.

"Ananisubiri mimi."

"Anakusubiri na njaa, na ndoo kichwani. Mpe chakula mara anapofika, kabla hajawaka. Apumzike, acheze. Maji baadaye. Usimwongezee kidonge wala usimwachishe mwenyewe. Siku ya kliniki mweleze daktari ukali unaanza saa ngapi. Anaweza kubadili dawa au saa zake."

"Na sheria ya mama yake?"

"Mama yake angemnyima huyu?"



Kesho yake, kabla ya kwenda shambani, aliacha viazi vya kuchemsha na karanga, amevifunika. Jioni hakusikia kelele. Esteri alikuwa mlangoni, amenuna, lakini amenyamaza. Bakuli tupu.

"Nichote maji?"

"Pumzika kwanza. Tutaenda wote."

Siku nyingine alinuna zaidi, siku nyingine kidogo. Ndoo haikupigwa teke tena.

Siku ya kliniki ilipofika, daktari aliuliza habari za shule, akaandika, akaita mwingine aingie. Nduwayezu hakuinuka.

"Bado jioni," alisema.

Daktari aliiweka kalamu chini, akamsikiliza.