Nilikana Sura Niliyompa Mchoraji

Nina miaka arobaini na tisa, mume wa mke mmoja, baba wa watoto watano, mkazi wa Kalemie tangu kuzaliwa. Ninafanya kazi katika biro, yaani ofisi, ya gari-moshi, upande wa kabati za faili. Shule niliiacha darasa la sita baba alipofariki. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi ya Kifaransa na vitabu vilivyoachwa na wazungu waliorudi kwao. Sitaji haya kwa kujisifu. Nataka mjue ni mtu wa namna gani aliyesababisha mwenzake apigwe makasia mpaka kufa.

Ndiyo, ndugu wasomaji... mimi!

Miaka sita iliyopita mtaa wetu ulijenga Foyer, nyumba ya watu wote, ambamo akina mama wangejifunza kushona, vijana wangecheza ngoma, na wazazi wangefanya mikutano. Nilichaguliwa kuwa katibu wa komite. Watu waliniita Papa Katibu, na walinipenda kwa jambo moja: sikukosea. Wakibishana juu ya siku au jina la mtu, mmoja alisema, "Muulize Papa Katibu." Nikijibu, ubishi ulikwisha.

Ukuta wa mbele wa Foyer ulikuwa mweupe, mtupu. Mimi ndiye niliyetoa wazo la kuuchora. Nilitaka tujichore sisi wenyewe, sura sita za watu halisi wa Kalemie, kila mmoja na kazi yake: mtu wa gari-moshi, mpakiaji wa bandarini, mkunga, mkulima wa mihogo, muuza dagaa wakavu wa ndakala, na katikati mvuvi, mkubwa kuliko wote. Komite ilipiga makofi. Kazi tukampa Mulongo.

Mulongo alikuwa fundi wa rangi wa umri wangu, mtu wa mzaha mwingi. Aliandika majina kwenye mitumbwi na mabango ya maduka. Lakini alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuvunja. Kabla ya kuchora sura ya mtu, alikwenda kwake au kwa wazazi wake, akaomba ruhusa, akaomba na maji ya kunywa. "Nikikunywa maji yao," alizoea kusema, "mukono wangu hautetemeke."

Wanachama wa Foyer walikuwa wametuletea picha ndogo mbili mbili, moja ya kubandika kwenye kadi, nyingine ibaki kwangu. Katika sanduku langu nilichagua sura sita. Tano zilikuwa na macho ya watu wanaosubiri kuchomwa sindano. Ya sita ilicheka! Ilikuwa picha ya Ebengo, mvuvi wa miaka ishirini na tisa, mmoja wa watu wa kaskazini ya ziwa waliohamia kwetu na mitumbwi yao na nyimbo zao za kanisa. Meno yote nje, kichwa nyuma kidogo. Niliitazama, nikauona ukuta wangu umekamilika.

Lakini Ebengo alikuwa amezama miezi mitano kabla. Upepo ulipindua mtumbwi, wenzake wakaogelea, yeye hakuonekana tena.

Kwa watu wake, ziwa lisiporudisha maiti, kilio hakifungwi. Siku familia itakapokubali kwamba harudi, watazika mgomba kwa jina lake, na hapo ndipo mama yake atanyoa nywele na kuinuka mkekani. Kabla ya siku hiyo picha yake hugeuzwa uso ukutani, hakuna anayeitazama. Mama yake, Mama Nyassa, alikuwa bado amekaa chini.

Nilijua yote haya vizuri kama namba za faili zangu. Nilijiambia kwamba ni mambo ya watu wasiosoma. Nikajiambia pia kwamba ninamheshimu marehemu... Heshima gani hiyo? Niliitaka picha yake, basi!

Nilipompa Mulongo zile picha sita, aliishika ile ya Ebengo muda mrefu.

"Huyu simujue," alisema. "Iko wapi?"

"Amekwenda Kigoma kwa biashara."

"Na mama yake?"

"Mama yake amekubali."

"Basi niende kwake ninywe maji."

Wageni wa serikali ya zoni wangefika baada ya siku kumi na mbili kufungua Foyer. Nilikuwa na ratiba, na katika ratiba yangu hapakuwa na nafasi ya maji. Nilicheka, nikamwambia, "Mimi nilikwisha kunywa, kwa niaba yako."

Naye akacheka. "Kama Papa Katibu njo alikunywa, mimi kiu imeisha!"

Akapanda ngazi. Aliniamini kama walivyoniamini wote. Kwa siku kumi na moja alichora nyuma ya maturubai tuliyoyatundika ili watu wasione kabla ya wakati. Asubuhi ya sherehe nikaona shati la mvuvi limefifia. Nikamwomba apake nyekundu nyingine, nzito. Alisema haitakauka. Nikasema hakuna atakayeigusa.

Mchana maturubai yakashushwa. Vigelegele! Watu walisukumana, kila mmoja akitafuta wa kwao. "Angalia Mama mukunga, kumbe anajua kucheka! Kwetu anakuja na matusi tu!" Mpakiaji wa bandarini aliambiwa tumbo lake limepunguzwa kwa rushwa. Mkubwa wa zoni alinishika mkono mbele ya wote. Nilijiona mrefu kuliko ule ukuta.

Kisha upande wa wavuvi ukanyamaza.

Mtu alikuwa amekimbia kumwita Mama Nyassa. Aliingia katikati yetu miguu mitupu, nywele hazijachanwa, amejifunga kitambaa kile kile cha kilio. Watu walimpisha bila kuombwa. Akasimama chini ya mwanawe. Hakulia. Aliinua mkono, akaweka kiganja juu ya lile shati, akauliza polepole, "Mutoto wangu, wamekuweka humu?"

Alipoondoa kiganja kilikuwa chekundu.

"Damu!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Iko natoka damu!"

Ndugu zangu, sijui niwaelezeje sauti iliyofuata. Viti viliruka. Ngoma ilipasuliwa kwa mguu. Waliosimama mbele walirudi nyuma, waliokuwa nyuma wakasonga mbele, watoto wakakanyagwa. Jiwe la kwanza lilimpata mvuvi wa ukutani kwenye meno. La pili lilimpata Mulongo kwenye sikio.

Lubunga, kaka mkubwa wa Ebengo, alimkamata Mulongo shati akamgonga ukutani, mara moja, mara mbili, mara tatu. "Ulimuuzia nani ndugu yangu? Tunamutafuta kwenye maji, kumbe wewe unamufunga kwenye ukuta! Nani alikupa sura yake?"

Mulongo alikuwa anatema damu. Hakunitaja kwa hasira. Alinitafuta kwa macho kama mtu anayetafuta mlango, akasema, "Muulize Papa Katibu."

Kelele ilishuka. Watu wote wakanigeukia. Picha yenyewe, ambayo Mulongo alikuwa amenirudishia baada ya kuchora, ilikuwa ndani ya mfuko wa koti langu, na muhuri wa Foyer mgongoni. Ningeitoa, basi! Ingehitaji mkono mmoja na pumzi moja...

Nilisema, "Mimi nilimpa orodha ya kazi tu. Sura alizitafuta mwenyewe."

Sauti yangu haikutetemeka. Ilikuwa ile ile ya kumaliza ubishi.

Walimwangusha. Walimpiga kwa miguu ya viti, kwa ngazi yake mwenyewe. Mtu mmoja aliuweka mkono wake wa kulia juu ya kizingiti cha Foyer, mwingine akashusha tofali. Nilisikia mifupa. Mpaka leo nikisikia mtu anavunja kuni kavu ninatoka nje. Askari walipiga risasi hewani, watu wakatawanyika, na Mulongo akapelekwa hospitali juu ya ubao wa meza.

Nami nilifanya nini? Nilirudi nyumbani, nikaichana ile picha vipande vidogo, nikavitupa chooni. Kisha nikanawa mikono, nikala.

Siku ya pili nilikwenda kumwona. Jicho moja lilikuwa limefungwa, mkono umevimba kama muhogo. Mke wake, Mama Feza, alikuwa anamlisha uji. Mulongo hakunitukana. Alisema kwa shida, "Papa, Lubunga na watu yake wanakaa pale mulangoni. Ile picha iko na muhuri. Uwaonyeshe tu, wataniacha."

Nilimwambia nitaileta kesho.

Kesho! Picha ilikuwa chooni! Ningeweza kwenda mlangoni palepale, hatua hamsini, nikawaambia watu wale watatu kwa mdomo wangu. Nilipita mbele yao. Lubunga aliinuka, akanisalimu kwa adabu, "Mwaramuka, Papa Katibu." Nikaitikia.

Usiku ule niliamua kusema. Nawaapia niliamua. Nilipanga hata maneno, la kwanza, la pili, la tatu, kama ninavyopanga barua. Lakini asubuhi nilikwenda kwanza kazini kuomba ruhusa ya kuchelewa, kwa kuwa sijawahi kuchelewa bila ruhusa. Nikiwa pale, mwenzangu aliingia akihema. Alisema Mulongo aliningoja, hakuona mtu, akatoroka kwa dirisha la hospitali. Watu wa Lubunga wamemfuata kwenye njia ya Niemba.

Nilikimbia. Mimi ambaye watu hawakuwahi kuniona nikikimbia! Niliwakuta pembeni ya tanuri za matofali, jua likianza kuwaka. Walikuwa watu kama ishirini, na katikati yao Mulongo amepiga magoti, mkono uliovunjika ameufunika kwa mkono mzima. Lubunga alikuwa na kasia. Kasia lilishuka juu ya bega, likashuka juu ya mgongo, na kila liliposhuka watu walisema jina la Ebengo.

Nilipiga kelele. "Mwacheni! Ni mimi! Mimi ndiye niliyempa ile picha! Nilimdanganya, hakujua kitu!"

Wakasimama. Lubunga alinitazama, jasho linamtoka, na kwa muda mfupi nilifikiri nimemwokoa.

"Picha iko wapi?" aliuliza.

"Niliichana."

Mzee mmoja wa wavuvi akatikisa kichwa kwa huruma. "Papa Katibu ni muntu muzuri sana. Anataka kujitwika ya mwenzake. Lakini juzi tulimusikia sisi wote, na Papa Katibu hakoseake. Mumuondoe, ataumia."

Wanaume wawili walinishika. Hawakunishika kwa nguvu, walinishika kama mtu anavyomshika mgeni wake kwenye utelezi. Nilipiga mateke, nilimng'ata mmoja mkono. Waliniambia, "Pole, Papa. Pole." Na nyuma ya mabega yao kasia liliendelea kushuka mpaka likavunjika, kisha likaendelea kipande.

Jicho lile zima la Mulongo lilinitazama. Sijui aliona nini.

Lubunga na wenzake wawili walifungwa. Niliandika maelezo yangu mbele ya askari, kurasa nne. Walizisoma, wakaniuliza ushahidi, nikakosa. Mmoja wao alinigonga begani akasema mimi ni rafiki wa kweli. Foyer ikapakwa chokaa.

Kwenye mazishi niliomba kusema. Nilisema yote tena mbele ya kaburi, kwa utaratibu, tangu sanduku la picha hadi chooni. Watu waliinamisha vichwa. Wengine walilia kwa wema wangu. Wema wangu! Ni mtu mmoja tu aliyeniendea baadaye. Mama Feza alisimama karibu nami hata nikasikia pumzi yake.

"Wao hawakukuamini, Papa Katibu," alisema. "Mimi ninakuamini. Bwana yangu aliniambia vile vile, neno kwa neno. Sasa usije kwangu hata siku moja."

Kisha akawachukua watoto, akaenda kwa ndugu zake Manono.

Mama Nyassa alizika mgomba mwaka uliofuata. Nilisimama mbali, barabarani. Sikuwa na haki ya kukaribia.

Ndugu wasomaji, nawaomba kwa machozi. Ninyi mlio makatibu, walimu, wakubwa wa makanisa, ninyi ambao watu wakiwasikia hunyamaza: msiitumie imani hiyo kuficha aibu yenu hata mara moja! Mimi nilidhani nitasema uongo mdogo, kisha nitausahihisha nikipata nafasi, kama mtu anavyosahihisha herufi. Uongo wangu ulipokelewa kwa pumzi moja kwa sababu nilikuwa mtu wa ukweli. Ukweli wangu ulikataliwa kwa sababu hiyo hiyo. Ukiulizwa mbele ya watu, jibu palepale, mkono ukiwa bado mfukoni na picha bado nzima. Na ukikuta mila ya mwenzako huielewi, usiikanyage kwa sababu umesoma kitabu. Nenda ukaombe maji.

Kalemie wapo hata leo wanaosema Mulongo alikuwa mchawi, kwamba aliwafunga watu ndani ya rangi. Mwanawe mkubwa, nasikia, alikatazwa kuoa kwa sababu ya maneno hayo. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika kurasa hizi, na jina langu lisifichwe kwa yeyote atakayeliuliza.

Mulongo hakumfunga mtu. Aliuliza mvuvi yuko wapi, nikamwambia yuko Kigoma. Aliuliza kama mama amekubali, nikamwambia amekubali. Sura ile nilimpa mimi.