Mazoezi ya Najma Saa ya Magharibi

Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa Kibamba wakati Abdulrahman alipotumwa na mkewe kibandani kwa Praygod, yule jamaa anayejaza filamu kwenye flash za watu. Najma alitaka video za mazoezi, za kufanya nyumbani. Kwenda gym hakutaka. Alisema huko watu wanakodoleana macho, na Abdulrahman, ambaye wivu wake ulijulikana Kinyerezi nzima, hakuwa na la kubisha.

Praygod, ambaye mwenyewe ana kitambi cha kuwekea sahani, aliuliza swali dogo tu. Shemeji analenga nini? Maana video za mazoezi ni kama dawa, ukitumia ya mwenzio unaumia bure. Kuna za kupunguza mwili, za kukata tumbo, za kutengeneza umbo, za pumzi, za mgongo.

"Lengo kwanza, braza," alisema. "Video baadaye."

Abdulrahman akawaza kidogo. Najma ni mwembamba, akivaa baibui upepo unamwonea. Tumbo la kukata hana. Sasa mtu kama huyo anajitengeneza kwa ajili ya nani? Swali lile lilimkaa kifuani. Akachukua za kila aina, akarudi nazo nyumbani.

Najma alizijaribu moja baada ya nyingine. Kulikuwa na msichana aliyeruka kama bisi kwenye sufuria bila kutokwa hata tone la jasho. Kulikuwa na baba mmoja mwenye kifua kama kabati, anayefoka kana kwamba umemwibia. Na yule wa kujinyoosha polepole aliyetaka uwazie bahari, Najma akasinzia katikati. Hakuna iliyomfaa. Alichotaka, alisema, ni kuondokewa na uchovu. Kila akiamka alikuwa hoi, kama mtu aliyelala chini ya mzigo. Alishakwenda kupima, akaambiwa hana kitu.

Ikapita wiki. Siku moja akasema amepata video inayomfaa, ametumiwa na mtu wa kwao. Abdulrahman akaomba aione.

"Mambo ya kike hayo, mume wangu. Utanicheka."

Hakucheka.

Tangu siku hiyo, kila magharibi, mlango wa sebuleni ulifungwa kwa ndani. Akirudi kutoka dukani kwake, anakouza spea za magari, Abdulrahman alikuta nyumba nzima inanukia udi. Nani anafukiza udi ili atokwe jasho? Halafu Najma alianza kunawiri. Uso ukang'aa, akawa analala usingizi mzito na kuamka akicheka. Mume mwingine angemshukuru Mungu. Huyu wetu aliugeuza kila mng'ao kuwa ushahidi, kwa sababu mtu mwenye wivu hata furaha ya mkewe humwuma.

Aliyemaliza kazi ni Adelina, jirani yao, mama wa Masasi anayekaanga vitumbua nyuma ya ukuta. Alimwita pembeni, akaanza kwa kusema yeye si mmbeya, kama wanavyoanza wote. Akauliza kama Najma amepata kocha. Abdulrahman akamjibu hapana, anafuata video, tena ya kike.

Adelina akaugeukia ukuta. Kisha akashusha sauti.

"Mie ninayemsikia hapa ukutani ni mwanaume, jirani. Ana sauti nzito. Anahesabu."

Kesho yake Abdulrahman alifunga duka mapema. Pikipiki aliiacha kwa fundi baiskeli, barabara kuu, asisikike. Akaja kwa miguu. Adhana ilikuwa imekwisha. Kwa mbali mitambo ya umeme wa gesi ilikuwa inavuma kama kawaida yake. Mapazia ya nyumba yake yalikuwa yamefungwa, na udi ulitoka hadi uani. Chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine... kama ya nguo iliyolala na unyevu.

Akaweka sikio dirishani.

"Tisa..."

Ilikuwa sauti ya mwanaume. Haikuwa na papara, ilitulia kama ya mtu aliye kwake.

"Nane..."

Akazunguka mlango wa jikoni, akaufungua taratibu kwa ufunguo wake. Akachukua mchi. Na tuseme kweli, haikuwa hofu, ilikuwa hasira. Leo atamjua.

"Saba... Sita..."

Akasogea. Kulikuwa na makofi ya wanawake, na ngoma ndogo ikipigwa kwa vidole. Akachungulia sebuleni.

Mwanaume hakuwepo.

Najma alikuwa peke yake, amepiga magoti mkekani, shuka jeupe limemfunika kichwa na uso. Mabega yake yalikuwa yanarushwa huku na huku, haraka kuliko mtu anavyoweza kuyarusha mwenyewe. Kwenye televisheni, ajuza mmoja alipiga ngoma iliyolazwa mapajani, na wanawake nyuma yake walipiga makofi. Wote walikuwa wamefumba midomo.

"Tano... Nne..."

Basi yuko nyuma ya pazia, Abdulrahman aliwaza. Au yuko kwenye simu. Kelele hizi zikizimwa nitajua yuko wapi.

"Tatu..."

Akachomoa waya.

Kioo kikawa cheusi. Makofi yakakatika. Mabega ya Najma yakasimama papo hapo.

Kimya...

Kisha, chini ya lile shuka jeupe:

"Nne."

Mchi ukamponyoka.

"Tano."

Ilikuwa sauti ileile, nzito, na ilitoka kinywani mwa mkewe. Haikuwa na haraka. Ilikuwa kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau ndani, akaamua kurudi kukichukua. Abdulrahman akahangaika na waya, tundu halionekani. Sita. Saba. Alipofanikiwa kuuchomeka, televisheni ikawaka na maandishi tu, inatafuta flash. Nane. Tisa.

"Kumi," ikasema sauti, na ikashusha pumzi kama mtu aliyeketi.

Najma akaanguka ubavu. Abdulrahman akamvua shuka, akamwita, akampepea. Alipofumbua macho alikuwa Najma wake, jasho limemlowesha, analia kabla hajajua analia nini. Akaitazama televisheni. Akamtazama mumewe.

"Kafika ngapi?" alinong'ona.

"Kumi."

Akafumba macho tena.

Ndipo akamweleza yote. Tangu alipovunja ungo, kwao Mbagala, kulikuwa na mwanaume anayemjia usingizini na kujiita mumewe. Wakati wa posa alitaka kusema, lakini Abdulrahman alitamba mbele ya wazee kwamba nyumbani kwake haitalia ngoma ya pepo hata siku moja. Najma akaogopa kuachwa, akanyamaza. Alidhani mazoezi yatamsaidia kuamka na nguvu, na zile video zote hakuna iliyojua anaumwa nini. Mwishowe shangazi yake, Bi Hamisa, fundi wa ngoma hizo ambaye sasa miguu imekufa, alirekodiwa kwa simu akipiga ngoma ya kuaga pepo. Kila magharibi yule mwanaume alikubali kutoka hatua chache zaidi kati ya kumi, akizihesabu kushuka. Leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kutoka kabisa.

"Alikuwa keshafika barazani," Najma alisema. "Ungeniuliza tu, Abdul. Ningekwambia."

Hakuna tusi ambalo lingemwuma kuliko hilo. Miaka yote alikuwa analinda mlango, na mwanaume mwenziwe alikuwa ndani tangu mwanzo.

Yeye mwenyewe akampigia simu Bi Hamisa. Akamwamkia shikamoo. Ajuza hakuitikia. Aliuliza nani aliyekata ngoma, na Abdulrahman akakiri ni yeye. Akaomba ipigwe upya, atalipa, atachinja, chochote.

"Ya kuaga haipigwi mara mbili, mwanangu," Bi Hamisa alisema. "Na aliyeagwa akarudishwa harudi tena kama mgeni."

Abdulrahman akauliza kuhusu ile hesabu, kwamba kwenye video hakuna anayehesabu, sasa yule kafundishwa na nani. Bi Hamisa akauliza, polepole, hesabu gani.

Siku iliyofuata Abdulrahman alishinda dukani bila kujua anauza nini. Asubuhi alimwacha Najma amelala, uso umesawajika kama zamani. Magharibi ikamkuta mlangoni kwake, mkono mmoja mkate wa kumimina anaoupenda mkewe, mkono mwingine ufunguo. Ufunguo ukazunguka, mlango haukufunguka. Umekomewa kwa ndani. Akazunguka wa jikoni. Nao umekomewa.

Udi ulikuwa unatoka chini ya mlango.

Akarudi mbele. Akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu ahamie nyumba ile. Akapiga hodi.

Kisha akamsikia Najma akicheka, kicheko kidogo cha aibu, kile alichodhani ni chake peke yake.

"Subiri," ikajibu sauti nzito. "Tunavaa."

Abdulrahman akakaa barazani na mkate wake mapajani, akasubiri afunguliwe.