Tochi ya Saa Kumi

Kila Jumamosi, jua likiwa bado linajikongoja nyuma ya mapaa, Chiriku alikuwa amekwisha kufagia kibaraza cha duka la babu yake, amenyunyiza maji kutuliza vumbi, na amemsimulia ndoto zake kila aliyepita, atake asitake. Alikuwa na jina jingine la shuleni, lakini halikutumiwa na mtu ila mwalimu. Babu alisema mtoto aliyeanza kuongea kabla ya kuota meno angeitwa nini tena kama si Chiriku?

Duka lilikuwa la vifaa: misumari ya kila urefu, kufuli, bawaba, kamba, koleo na makopo ya rangi. Lilinuka grisi na mbao mpya. Mpaka leo, naye ni mtu mzima, Chiriku akifungua kopo la grisi hujikuta amesimama tena pale, ana miaka kumi na miwili, ufagio mkononi, akimsikia babu akikohoa mara mbili kabla ya kufungua mlango. Humkumbuka sana babu yake saa hizo, wala haoni haya kusema hivyo.

Nyuma ya duka kulikuwa na stoo isiyo na dirisha. Ukuta wake wa mwisho, uliopakwa chokaa, ulikuwa umejaa maduara ya penseli, mengine makubwa kuliko gurudumu la baiskeli, mengine madogo kama kisahani. Kila duara lilikuwa alama ya mwanga wa tochi moja, na kando yake pameandikwa jina la tochi ile, mwaka, na saa ilizowaka. Babu hakuuza aina ya tochi asiyoijaribu. Aliilaza juu ya stuli, hatua tano kutoka ukutani, akachora ukingo wa mwanga wake, akabandika kipande cha gazeti katikati, kisha akaiacha iwake. Kila saa moja aliingia kusoma lile gazeti. Pale maandishi madogo yalipokataa kusomeka, tochi ilihesabiwa imekufa, hata kama bado ilikuwa inamulika kidogo. Matokeo aliyaandika kwenye kadi ngumu, na kadi ikafungwa kwa uzi kwenye shingo ya tochi. Watu hawakuhangaika na sanduku. Walisoma kadi ya babu, wakalipa, wakaenda zao.

Miaka ile tochi za LED zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia madukani. Wengi bado walibeba zile ndefu za bati zilizomeza betri tatu na kutoa mwanga wa rangi ya chai. Basi muuzaji wa jumla alipoleta mbili mpya za mfano, Chiriku alisahau hata kuuliza maswali, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Ilikuwa tochi ya kujaza kiganja, nyeusi, ya chuma, imechongwa mistari ili isiteleze. Kichwa chake kilisogea. Ukikivuta mbele, mwanga ulijikusanya ukawa duara dogo lenye makali; ukikirudisha nyuma, ulitanuka mpaka ukafunika ukuta mzima. Sanduku lilijigamba: saa kumi mfululizo kwa mwanga mpana!

"Sanduku lina maneno kuliko wewe," babu alimtania mjukuu wake. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tutaona." Kisha akampa ile penseli. "Safari hii utapima wewe. Macho yangu yameanza kunifanyia mzaha. Juzi nimemuuzia fundi seremala misumari ya inchi tatu huku naapa ni ya nne."

"Mimi, babu? Peke yangu?"

"Peke yako. Sheria unazijua. Tochi ikishawashwa, mpimaji haigusi. Isipotimiza ahadi ya sanduku lake, inarudi ilikotoka. Ikitimiza, iliyopimwa ni ya mpimaji."

Chiriku alijua sheria hiyo tangu zamani, ila haikuwahi kumhusu. Nyumbani kila kitu chake kilikuwa kwanza cha dada yake: sare, viatu, hata daftari za kuchora zenye kurasa chache zilizobaki. Sasa hapa palikuwa na kitu kipya kabisa ambacho kingeweza kuwa chake. Kabla hajaanza kupima, alikuwa ameshaitafutia mahali pa kulala chini ya mto wake.

Alianza na majaribio madogo. Aliiangusha kutoka juu ya kaunta mara tatu, nayo ikawaka kama kawaida. Akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akahesabu mpaka mia tano, akaitoa; ndani hakukuwa na hata tone. Alivuta kichwa na kukirudisha mara hamsini, wala hakikulegea. Alikuwa akimtangazia babu kila hatua kwa sauti kubwa, na wateja wawili wakaanza kumpigia makofi.

Saa mbili kamili asubuhi aliilaza juu ya stuli, akaiweka kwenye mwanga mpana, akachora duara lake. Lilikuwa kubwa kuliko yote ukutani. Saa tatu gazeti lilisomeka vizuri. Saa nne, saa tano, vilevile. Saa saba aliona weupe umepungua kidogo, akajiambia ni macho yake yametoka juani. Lakini saa nane mchana, alipoinama mbele ya gazeti, herufi ndogo zilikuwa zimeshikana. Alikaza macho. Alifikicha macho. Hazikusomeka.

Tochi ilikuwa imewaka saa sita.

Chiriku alisimama pale gizani. Nje alimsikia babu akibishana na mteja juu ya bei ya bawaba, wote wawili wanacheka. Alijua linalopaswa kufanywa: kuzima, kuandika sita, kuifunga tochi kwenye sanduku lake na kuiaga. Badala yake mkono wake ulinyooka, ukakivuta mbele kile kichwa. Mwanga uliotapakaa ukutani ulikusanyika wote kwenye gazeti, nalo likang'aa kama asubuhi. Kila herufi ilisomeka.

"Si inawaka?" alinong'ona. "Mbona inasomeka!"

Akaiacha hivyo. Saa kumi na mbili jioni gazeti bado lilisomeka, kwa shida. Chiriku aliirudisha tochi kwenye mwanga mpana, akaizima, akaandika kwenye kadi kwa mwandiko wake bora kabisa: *Mwanga mpana, saa kumi.* Babu aliisogeza kadi mbali na uso wake ili aweze kuisoma. Akatabasamu. "Kumbe safari hii sanduku limesema kweli! Chukua tochi yako, mpimaji." Kadi akaifunga kwenye ile tochi ya pili, akaiweka mbele kabisa ya rafu.

Usiku huo tochi ililala chini ya mto kama ilivyopangwa. Mwenyewe hakulala vizuri. Jumapili dada yake aliuliza kama anaumwa koo, maana nyumba ilikuwa kimya.

Jumatatu, Chiriku alipotoka shule na kupitia dukani, alimkuta mkunga amesimama kwenye kaunta. Mama huyu ndiye aliyempokea Chiriku mwenyewe alipozaliwa, na hakuwahi kumruhusu asahau hilo.

"Shikamoo, mama mkunga."

"Marahaba, mwanangu. Siku ile ulilia mpaka nikafikiri nimepokea mapacha!" Akageuka kwa babu. "Kesho alfajiri naenda ile zahanati ya ng'ambo ya mto. Juma zima. Umeme wao ni wa kubahatisha, na safari iliyopita tochi yangu ya bati ilinizimikia mkononi, mama wa watu yuko kitandani. Nilimaliza kazi kwa kupapasa."

"Chukua hii basi," babu alisema. "Ina mwanga wa kubana na wa kutanua."

"Wa kubana wa nini? Mimi si mwindaji. Nataka mwanga mpana, nimwone mama, nimwone mtoto, nione na mkasi wangu ulipo." Aliichukua kadi, akaisoma. "Saa kumi. Basi hata nikikesha, sina wasiwasi. Kadi ya duka hili haijawahi kuniangusha." Akaitia tochi kwenye mkoba, akalipa, akaondoka huku akiimba.

Chiriku alibaki ameshika ukingo wa kaunta. Aliona kile chumba, na yule mama kitandani, na mwanga ukififia baada ya saa sita wakati mkunga anaamini bado zimebaki nne. Babu alipanga misumari, akafuta kaunta, akahesabu kufuli, na kwa muda wote huo hakusikia neno.

"Chiriku," hatimaye aliita. "Tangu jana kutwa ndege wangu haimbi. Kuna nini?"

Ndipo machozi yalipomtoka. Alieleza yote: saa nane mchana, herufi zilizoshikana, kichwa cha tochi alichokivuta. Alipomaliza, babu hakupiga kelele, na hilo lilimuuma zaidi. Alikaa juu ya debe la rangi, akavua kofia yake, akaitazama kwa ndani kama mtu aliyepoteza kitu humo.

"Miaka ishirini na nane nimechora ule ukuta," alisema taratibu. "Umeniumiza, mjukuu wangu." Kisha akavaa kofia. "Twende kwa mkunga."

"Babu, nenda wewe umwambie. Mimi naona aibu."

"Mchuzi umeupika mwenyewe, utaupakua mwenyewe. Mimi nitakusindikiza tu."

Mkunga alikuwa anaishi nyuma ya soko, mwendo mfupi, ila siku hiyo Chiriku aliuona mrefu. Walimkuta uani akikunja mashuka meupe na kuyapanga kwenye mkoba. Tochi ilikuwa juu ya kiti, na kadi yake shingoni. Chiriku alisema maneno yake haraka haraka, macho chini, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuongeza hata moja.

Mkunga aliacha kukunja shuka. Aliiondoa tochi kitini, akaketi.

"Ungeninyamazia," alisema, "usiku mmoja ningejikuta gizani katikati ya kazi, na nisingejua kwa nini."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusikia." Alivuta pumzi. "Sasa niambie, wewe ndiye uliyeipima. Ni tochi mbaya?"

Chiriku alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali kama hilo na kulisubiri jibu. "Hapana, mama. Haiingii maji. Niliiangusha mara tatu, haikufa. Mwanga wake mpana ni mkubwa kuliko wote ukutani. Ila ni saa sita, si kumi."

"Saa sita zinanitosha, maadamu najua ni sita. Nikijua, najipanga. Nikiwa na betri ya akiba, nikiona saa ya tano imeisha naiweka tayari."

Babu alikuna kidevu. "Betri zake hizi nene hatuna dukani. Muuzaji ataleta mwezi ujao."

Chiriku aliingiza mkono kwenye mkoba wake wa shule, akatoa tochi yake, ambayo siku hiyo aliibeba kwenda kuwaonyesha wenzake na hakuwa na moyo wa kuitoa. Akafungua kitako chake, betri ikamwangukia kiganjani, nzito. Akampa mkunga kwa mikono miwili.

"Nimeichaji jana," alisema.

Mkunga aliifunga kwenye kitambaa safi, akaiweka pamoja na mkasi wake. Alipomshika Chiriku kidevuni, aliona bado analia, akamfuta kwa ncha ya kanga yake.

Waliporudi dukani, babu aliomba kadi ile ya saa kumi, ambayo Chiriku alikuwa ameifungua kwenye tochi ya mkunga. Hakuichana. Alimpa Chiriku kadi nyingine tupu na penseli, akamwachia aandike upya: *Mwanga mpana, saa sita. Sanduku linasema kumi, si kweli.* Kisha wakaingia stoo, na ndani ya duara lile kubwa Chiriku akaandika vilevile.

"Sasa sikiliza," babu alisema, mkono wake begani mwa mjukuu. "Tochi ya saa sita haina kosa lolote. Kosa ni kumwambia mtu kumi. Watu wanaponunua kwangu hawanunui chuma wala kioo, wananunua neno langu, na neno likishavunjika halina fundi. Leo ulikuwa na njia mbili, ukachagua ile inayouma. Kwa hiyo Jumamosi utapima tena. Penseli bado ni yako."

"Na tochi, babu?"

"Tochi imeshindwa mtihani. Kwa sheria, inarudi kwa muuzaji." Akaigeuza mkononi, nyepesi, haina betri. "Ila nitamlipa mimi. Hii hatuirudishi. Hii itaning'inia hapa."

Akapigilia msumari mmoja juu ya yale maduara, wa inchi tatu au nne, hakuna aliyejua, akaitundika na kadi zote mbili shingoni.

Mkunga alirudi baada ya juma moja na habari ya watoto watatu, mmoja wao alizaliwa katika saa ya saba, kwa betri ya pili. Alitaka kuirudisha betri, lakini Chiriku alikataa.

Babu hayupo tena, na duka sasa ni la Chiriku. Ukuta haujapakwa chokaa mpya. Tochi iko palepale juu ya msumari, tupu, na wafanyakazi wapya wakiuliza kwa nini bosi wao ametundika tochi isiyowaka, huwapa penseli kwanza, ndipo anawasimulia. Na akianza kusimulia, hata mteja mwenye haraka huvuta debe la rangi akakaa.